Chini ya Mahindi ya Baba Kibet

"Kuna kitu au hakuna?" Mama Moraa aliniuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya mistari miwili ya mahindi, viatu vyake vimeshika tope, nami nimefunikwa masikio kwa vipokea sauti vikubwa vilivyonukia kichwa cha mtu mwingine. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu iliyopita. Miaka minne nilifundishwa kutilia shaka kila kitu, na nikaipenda kazi hiyo kuliko waliokuwa wakinifundisha, lakini hakuna mhadhiri aliyewahi kuniwekea swali fupi kama lile. Watu walikuwa wakiutazama mdomo wangu. Sikuweza kumjibu siku ile, na mwezi uliopita, nilipoketi kwenye matanga yake kule Kapsoya, mtaa wa Eldoret, bado sikuwa na jibu.

Matanga yalikuwa ya kawaida. Viti vya plastiki vya kukodi, hema lililoziba nusu ya uwanja wa ploti, chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa kupita kiasi, mkate uliokatwa vipande vinene. Nyumba aliyopanga ilikuwa vyumba viwili, na katika kile cha mbele walikuwa wameondoa kila kitu isipokuwa picha yake na kitambaa cha meza alichokifuma mwenyewe. Niliketi nje. Nyuma yangu waliketi akina mama wawili niliowatambua kwa sauti tu, watu wa kwetu upande wa Moiben, waliokuja kwa gari la kanisa. Mmoja akauliza, "Huyu si ndiye ule mama wa sadaka ya watoto?" Mwingine akamwambia, "Shh. Mtu akishakufa hasemwi." Yule wa kwanza akasema, "Mimi sisemi. Nauliza tu." Wakaendelea kunywa chai. Nilishika kikombe changu mpaka kikapoa na kufanya utando juu. Nilitarajia kukasirika. Ningekuwa na umri ule wa zamani ningegeuka na kuwauliza walichosikia, kutoka kwa nani, na yeye alisikia wapi. Sikugeuka. Nilihisi uchovu ule wa mtu aliyeinua mzigo mmoja mara nyingi mno, akiuweka chini na kuukuta tena mlangoni asubuhi.

Kwa hiyo nauandika mwaka ule, ule uliofuata uchaguzi. Nilirudi kwa Kogo, mama yake baba yangu, kwa sababu kazi hazikuwepo na barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa ya wenye roho ngumu. Vita vilikuwa vimeisha, au viongozi walikuwa wamepeana mikono na sisi tukaambiwa vimeisha. Ukitembea kwetu ulikuta maboma yaliyobaki na msingi tu, weusi wa majivu ukiwa umeota nyasi, na katikati yao maboma mengine ambayo hayakuguswa hata kioo cha dirisha. Kila mtu alijua kwa nini hili liliungua na lile likabaki. Hakuna aliyelisema. Nilikuwa na digrii ya falsafa. Jirani aliwahi kuniuliza inatibu nini, na nilipojaribu kumweleza alisema, "Pole," kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayemwombea mgonjwa.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kusikiliza. Mzee Maiyo, jirani yetu wa juu, alikuwa na mashine ya kutafutia vitu vya metali ardhini. Aliinunua zamani kulipokuwa na uvumi wa dhahabu kule bondeni, akazunguka nayo msimu mzima, akapata vifuniko vya soda, akaitundika darini. Sasa waliokimbia walikuwa wameanza kurudi mchana mchana, kwa woga, kutafuta walichozika kabla ya kuondoka: sufuria, kichwa cha cherehani, grili za madirisha, mtu mmoja alizika jembe la ng'ombe zima zima. Pasta wetu akamwomba Mzee Maiyo awasaidie bila malipo, iwe sehemu ya kupatana. Shida ni kwamba Mzee alifanya kazi ya mashine ya kupasua mbao karibu maisha yake yote na masikio yake yalikuwa yamebaki huko. Mkono wake ulikuwa mzuri ajabu. Aliipeleka ile sahani ya chini ya mashine kushoto na kulia bila kugusa nyasi, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Lakini hakusikia chochote. Basi yeye alikuwa mkono na mimi sikio, tumeunganishwa na waya, na tulitembea mashamba ya watu tukiwa hivyo, mzee na msichana wamefungwa pamoja kama ng'ombe wa kulima.

Nilisoma kitabu cha mashine ile mpaka kikaachia kurasa. Kilikuwa na picha: msumari upande mmoja, sarafu upande wa pili. Chuma, kilisema kitabu, hutoa mkoromo mzito. Sarafu hutoa mlio mwembamba, safi, ulio sawa kila mara. Kulikuwa na kitufe cha kuiambia mashine ikatae chuma, na kwa kuwa mashamba yetu yalikuwa yamejaa misumari ya mabati yaliyoungua, bila kitufe kile ungesikia mkoromo tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Tulikigeuza, mikoromo ikapungua, ikabaki ya mbali kama mtu anayelala chumba cha pili. Ila chuma hakikubali kukataliwa kirahisi. Msumari uliopinda, au kipande cha bati kilichosimama wima, kinaweza kutoa mlio wa uongo ukiupitia kutoka upande mmoja. Dawa yake ni kuzunguka. Upitie mahali pale kutoka mashariki, kisha kutoka kaskazini. Mlio ukibaki vile vile, chimba. Ukibadilika, ukija na kupotea, ni takataka, endelea na safari. Niliipenda sheria hiyo kuliko nilivyopenda maneno yoyote niliyoyasikia mwaka ule. Redioni, kanisani, kwenye mikutano ya amani chini ya turubai, watu walisema mambo yaliyosikika vizuri ukiwa umesimama upande wao, na ukizunguka tu kidogo yakageuka. Hapa angalau palikuwa na kitabu kilichoniruhusu kutoamini.

Habari ya Mama Moraa niliisikia kwanza jikoni kwa Kogo. Jiko lilikuwa chumba cha udongo kilichotengana na nyumba, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimeegemea ukuta, moshi umepaka dari rangi ya lami. Akina mama walikuja pale saa nne, baada ya kukamua na kabla ya kwenda shambani, kunywa chai na kupasua habari. Mimi nilikuwa nachambua mboga pembeni, na kwa mtu mwenye mboga mkononi watu huongea kana kwamba hayupo. Mama Moraa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, asili yake upande wa ziwa, na alikaa kwetu tangu kabla sijazaliwa. Alifundisha pia watoto wa shule ya Jumapili. Watoto walikuwa wakileta shilingi moja moja, wengine senti hamsini, mara chache sana shilingi tano kutoka kwa mtoto aliyetembelewa na mjomba wa mjini, ili kanisa linunue kinanda. Sarafu zote alizitunza yeye, ndani ya ndoo ndogo ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kwa sababu kanisa liliwahi kuvunjwa mlango. Siku ya kukimbia alisema aliizika nyuma ya jiko lake. Sasa alikuwa kambini, kwenye uwanja wa maonyesho mjini, chini ya hema, na kanisani watu walikuwa wakiulizana.

"Mimi siamini," alisema mmoja. "Pesa ya Mungu unaizikaje kama viazi?"

"Angebeba tu."

"Abebe aende nayo wapi? Kwa barabara vijana walikuwa wanapekua mpaka nepi za watoto."

"Wewe uliwaona?"

Wote wakainamia vikombe vyao. Karibu kila mmoja pale alikuwa na kijana wa kiume.

"Mimi sikuona kitu. Nilikuwa ndani ya nyumba."

"Sote tulikuwa ndani," Kogo akasema, na akawaongezea chai.

Nililiona jambo lenyewe lilivyokaa. Boma la Mama Moraa liliungua hadi msingi, na mvua zilipoanza, jirani yake Baba Kibet alililima na kulipanda mahindi, ili lisilale bure, kama alivyosema. Ikiwa ndoo ingepatikana, Pasta angeitangaza mbele ya kanisa na mambo yangeisha. Isipopatikana, basi mmoja kati ya watu wawili alikuwa mwizi: mama aliyekimbia, au mwanamume aliyelima. Baba Kibet alikuwa mzee wa kanisa na mtu wetu. Mama Moraa alikuwa chini ya hema. Hakukuwa na haja ya digrii kujua lawama ingeangukia upande gani.

Mama Moraa alikuja Juni, asubuhi yenye jua baada ya mvua ya usiku, pamoja na Pasta. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine. Nilimkumbuka akiwa mama mnene mwenye kicheko, na hapa palikuwa na mwanamke aliyekauka, akiwasalimu watu waliolima ua wake kwa majina yao yote, na ya watoto wao. Pasta alipomwambia kwamba kanisa lingefurahi sana kupata kinanda, alimjibu bila kupandisha sauti, "Pasta, mimi sitaki kinanda. Nataka Jumapili yangu." Baba Kibet alitungoja kwenye mpaka, panga mkononi, mahindi yakimfika magotini. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo baada ya kulifikiria kwa miaka mingi. Alikuwa mtu aliyejikuta na kitu cha mwenzake na hakujua sura gani ya kuvaa. "Mimi sina ubaya," alisema. "Lakini hii mahindi iko na mbolea. Nitawapea mashimo tatu. Chimbeni mahali mnajua, si mahali mnafikiri."

Tulianza. Mama Moraa alijaribu kutuonyesha jiko lilipokuwa, lakini jembe la trekta lilikuwa limepita, na mti aliokuwa akiupimia ulikuwa umekatwa kuni. Alitembea, akasimama, akatembea tena, akihesabu kwa midomo. "Mlango ulikuwa hapa. Hapana. Ngoja. Jua lilikuwa linaniingilia hivi nikipika." Mzee Maiyo alipita nyuma yake na mashine, nami nyuma ya Mzee, nikiwa mwangalifu nisikanyage mche. Kwa kuwa hakusikia, Mzee aliamini anapoongea nami ananong'ona. "CHEBET! HAPA INASEMA AJE?" Baba Kibet akasema, "Mzee, hata kule Cheptiret wamesikia." Watu wakacheka, na kicheko hicho kilitusaidia kwa muda.

Mlio wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kusikia. Mwembamba, safi, ule ule kutoka kila upande. Nilizunguka mara kadhaa kwa sababu ndiyo tabia yangu, kisha nikasema chimbeni. Baba Kibet mwenyewe aling'oa miche miwili na kuiweka kando na udongo wake, kama mtu anayehamisha vifaranga. Kikatoka kipande cha alumini kilichoyeyuka, cha kijivu, chenye ukubwa wa kiganja. Mama Moraa alikichukua, akakipangusa kwa koti, akakigeuza. "Sufuria yangu ya chai hii," alisema. "Mkono wake ndio huu." Na kweli, ukitazama, ulikuwepo mkunjo. Shimo la pili lilitupa mlio kama ule, na ndani yake kufuli ya shaba, imefungwa, imeshikilia kipande cha komeo. Aliipangusa udongo. Halafu akacheka yeye wa kwanza. "Nyumba imeenda, mlango umeenda, huyu mlinzi bado yuko kazini." Wengine walicheka kwa kuchelewa, macho chini. Baba Kibet hakucheka.

Mahali pa tatu palikuwa karibu zaidi na pale ambapo jua lilimwingilia akipika. Mzee alipitisha sahani, nikasikia mkoromo, ule wa mbali wa kitu kilichokataliwa. Nilikuwa tayari kuendelea, ila ndani ya mkoromo ukatoka mlio mmoja mwembamba, mfupi, ukakatika. Nikamgusa Mzee bega, ishara yetu ya kurudia. Mkoromo. Mkoromo. Mlio. Tukazunguka upande wa kaskazini: mkoromo mtupu, mpana, uliojaa eneo lote. Tukarudi mashariki: mlio ukaja mara mbili kwa mfuatano, kisha ukapotea kabisa. Nilimwambia Mzee ainue sahani kidogo, aishushe, aende polepole, aende haraka. Kila nilipobadilisha kitu, sauti nayo ilibadilika. Nilitoa vipokea sauti, nikavipangusa, nikavaa tena. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeanza kusema ukweli na kila mara anaghairi.

Nilifikiri, na hadi leo naweza kuzirudia hatua za mawazo yangu bila kuona pengo. Ndoo ni ya plastiki, na plastiki haina sauti. Ndani yake kuna sarafu tupu. Sarafu si chuma, kitabu kimesema na picha imeonyesha. Ninachosikia hapa ni chuma kingi, na kwa mbali kitu kingine kisichotulia. Nyumba iliungua hapa, paa likaanguka hapa. Misumari na mabati yaliyopinda hufanya hivi hivi. Kwa hiyo hii si ndoo. Lakini upande wa pili wa kichwa changu ulisema: hapa ndipo anapopakumbuka. Na nilijua pia kwamba ninataka iwe pale, na kwamba kutaka ndiko nilikofundishwa kukuogopa kuliko kitu kingine.

Hapo ndipo Mama Moraa aliponiuliza kama kuna kitu au hakuna.

"Kuna chuma," nikasema.

"Chuma iko kila mahali hapa," Baba Kibet akasema. "Hata mimi bila mashine najua."

"Na ile sauti ingine?" Mama Moraa akauliza. Alikuwa ameniona nikisimama.

"Inakuja halafu inapotea."

"Sasa tuseme aje, Chebet?" Pasta akasema kwa upole. Alikuwa na ibada ya mazishi saa nane, na mwaka ule alikuwa na ibada za mazishi kila wiki.

Nilisema, "Sijui."

"AMESEMA HAJUI!" Mzee Maiyo akawatangazia, maana alikuwa akisoma midomo.

Neno lile lilikaa hewani kidogo, nikaliona likigeuka. Nililisema nikimaanisha sijui. Baba Kibet alilipokea, akainamia jembe tulilochimbia na kuliweka begani. Pasta alilipokea, akatoa pumzi. "Basi tuseme hakuna," akasema, "tuombe tuachane kwa amani." Sijui na hakuna vilikuwa vitu viwili mbalimbali kichwani mwangu, vyenye mpaka ulionyooka kabisa kati yao, na shambani pale hapakuwa na mtu mwingine aliyeuona mpaka huo isipokuwa Mama Moraa, ambaye haukumsaidia. Tukainamisha vichwa. Pasta alimshukuru Mungu kwa kutufunulia ukweli. Sikuwa nimevua vipokea sauti, na mkono wa Mzee ulikuwa umechoka na kushuka, sahani ikining'inia juu ya mahali pale pale, ikiyumba kidogo kwa pumzi yake. Katika maombi yote nilisikia mkoromo, na ndani yake, kwa vipindi nisivyoweza kuvitabiri, ule mlio mdogo.

Kogo alimkaribisha Mama Moraa chakula. Hakuwa ameingia jikoni mle tangu Desemba, na aliinama mlangoni kama mtu anayejaribu kukumbuka urefu wake. Kogo alimpa kiti cha kuegemea, kile cha wageni, na hilo peke yake lilisema mengi, kwa sababu zamani alikalia kigoda kama sisi. Tulikula ugali na sageti, mboga ya kienyeji, iliyopikwa kwa maziwa. Waliongea juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya Moraa binti yake aliyekuwa amepata shule kwa wajomba zake. "Kula, mwalimu. Umekonda," Kogo alisema. "Kambini tunapewa maharagwe mpaka tunaota maharagwe," akajibu. Kogo alicheka, kisha akasimama ghafla kwenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote, na tukabaki wawili, mimi na Mama Moraa. Aliosha mikono polepole. Akasema sarafu za watoto huwa za moto, kwa sababu mtoto huishika njiani kote asije akaipoteza. Unapoipokea unajua kama ametembea mbali. Nyingine zilikuwa zinanata peremende.

"Chebet," akasema, "mimi nilikufundisha Jumapili. Unakumbuka uliniuliza Yona alipumua aje ndani ya samaki?"

"Nakumbuka. Ulinijibu Mungu alimpa hewa."

"Hapana. Nilikujibu sijui." Alijipangusa mikono kwa lile koti. "Lakini niliendelea na hadithi."

Nilijitetea, nadhani. Nilimwambia kwamba watu waliochoma nyumba yake walikuwa na uhakika, wote, kila mmoja wao, na kwamba mimi sikutaka kuongeza uhakika mwingine juu ya huo. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa subira ya mwalimu. Akasema, "Ni kweli. Umesema vizuri." Kisha akauliza gari la mwisho la kurudi mjini linapita saa ngapi.

Mahindi yalipovunwa nilimwendea Pasta, nikamwomba tuchimbe pale sasa kwa kuwa hakuna cha kuharibu. Alinitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala. Akasema jambo lile lilikuwa limepoa, na kwamba kwa sasa alikuwa anashukuru kwa kila jambo linalopoa. Kabla ya Krismasi Mama Moraa alikuwa ameuza ploti kwa Baba Kibet, kwa maneno machache na mashahidi wachache, kama walivyouza wengi mwaka ule. Baba Kibet alijenga nyumba ya mawe. Nimeketi ndani yake mara nyingi, kwenye posa na kwenye maombi, na kadiri ninavyoweza kupima kwa macho, mahali pale ni chini ya sebule, upande wa televisheni. Kanisa lilinunua kinanda kwa harambee. Mashine ya Mzee Maiyo ilivujiwa na betri na kufa, na yeye mwenyewe akaifuata baada ya miaka michache.

Mama Moraa hakurudi kufundisha Jumapili, wala kwetu wala kwingine. Alipata uhamisho wa kazi, akapanga Kapsoya, akawa anaabudu kanisa lisilomjua, benchi la nyuma. Mimi nilikwenda Nairobi, nikaacha kazi moja baada ya nyingine, nikarudi Eldoret, na kila tulipokutana sokoni aliniita kwa jina alilonipa yeye. "Hujambo, mtu wa sijui." Alilitamka bila sumu, akinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Wakati mmoja, tukiwa tunachagua nyanya, nilimwambia kwamba Baba Kibet sasa ni mzee na amelainika, tunaweza kwenda kumwomba tuivunje sakafu kona moja tu. Aliweka nyanya chini. "Halafu akivunja sebule yake tukose," akasema, "mimi nitaenda wapi tena?" Nikaelewa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa ameishi ndani ya nafasi ndogo iliyobaki kati ya sijui na hakuna. Ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa ameizoea, na hakuwa na nguvu za kuhama mara ya pili. Sikulitaja tena.

Siku mbili baada ya matanga nilikuwa nyumbani nikipandisha pindo la nguo nyeusi ya kuvaa mazishini, nikaangusha mkebe mzima wa pini kwenye zulia. Nilichukua sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, nikaipitisha juu ya zulia kushoto na kulia. Pini zikaja zikiwa zimesimama kama manyoya ya nungunungu, na katikati yake ikaja shilingi moja, ya zamani, ya kabla ya uchaguzi ule. Nilidhani imebebwa na pini. Niliitoa, nikaiweka peke yake mezani, nikasogeza sumaku, ikaruka. Nikaenda kwenye droo ninamotupa sarafu, nikazimwaga zile za miaka hiyo. Za shilingi moja ziliruka zote, na za senti hamsini pia. Za shilingi tano zilibaki mezani, hazikutikisika. Jioni ile nilitafuta na kusoma: shilingi moja za miaka ile, hizo ambazo watoto walikuwa wakizileta kanisani zikiwa za moto mkononi, zilitengenezwa kwa chuma, na juu yake zikapakwa tu madini ya kung'aa.